Mfungaji Aliyegeuka Mwalimu: Habari za Bwana Bobby Williamson

Katika pwani ya kusini ya Kenya, tangu Waa na Tiwi mpaka Ukunda na Diani, na kutoka Msambweni mpaka Vanga karibu na mpaka wa Tanzania, ni shida kupata kijiji kikubwa kisicho na timu ya mpira. Palipo na uwanja wa shule vijana huchezea uwanjani. Pasipo na uwanja hungoja maji yakupwe, wakachezea pwani penye mchanga mgumu. Na katika kila timu yuko kijana mmoja ambaye jina lake lajulikana na watu wote, hata na akina mama waliokaa barazani wakishona makuti. Huyo ndiye mfungaji wa mabao. Akifunga hubebwa mabegani; akikosa hutajwa kwa lawama mpaka mchezo mwingine uje.

Miaka hupita, magoti yakaanza kuuma, na vijana wengine wenye mbio wakatokea. Ndipo wazee wa timu husema, "Huyu alikuwa hodari sana, basi na awe mwalimu wetu." Neno hili husemwa kwa nia njema, lakini lafaa kupimwa kabla ya kukubaliwa. Je, mtu aliyejua kufunga mabao ajua pia kuwafundisha wengine kuyafunga? Au hizo ni kazi mbili mbalimbali, kama kazi ya mvuvi na kazi ya fundi wa kuunda mashua?

Swali hilo limejibiwa mbele ya macho ya watu wa Afrika ya Mashariki kwa habari ya mtu mmoja, Bwana Bobby Williamson wa Uskoti, aliyefundisha timu ya taifa ya Uganda, kilabu cha Gor Mahia, na timu ya taifa ya Kenya kati ya mwaka wa 2008 na mwaka wa 2016. Habari zake zafaa kusimuliwa kwa taratibu, maana ndani yake yamo mafanikio ya kweli na mashaka ya kweli, na pia mafundisho yawezayo kumfaa hata mwalimu wa timu ndogo ya Kinondo au ya Lunga Lunga.

SENTA-FOWADI WA GLASGOW

Robert Williamson, ambaye watu wote humwita Bobby, alizaliwa Glasgow tarehe 13 Agosti 1961. Glasgow ni mji mkubwa wa Uskoti uliopata sifa kwa kazi ya kuunda meli kandokando ya mto Clyde, na wenyeji wake hupenda mpira kama watu wa pwani wapendavyo bahari. Vilabu viwili vikubwa vya mji huo, Celtic na Rangers, huwagawa hata watu wa nyumba moja, kama Simba na Yanga wafanyavyo kwa majirani wa Tanzania.

Alianza kucheza katika kilabu kidogo cha Clydebank, na mwaka wa 1983 Rangers wakamchukua. Kwa kijana wa Glasgow jambo hilo lilikuwa kubwa. Lakini katika Rangers hakupata kuwa nguzo ya timu. Mwaka wa 1986 alivuka mpaka akaenda kuchezea West Bromwich Albion ya Uingereza, na mwaka wa 1988 akahamia Rotherham United, kilabu kilichokuwa kimeshuka Daraja la Nne. Wengine wangeona aibu kwenda chini namna hiyo. Yeye alikwenda akafanya kazi, na katika msimu wake wa kwanza Rotherham ikawa ya kwanza katika daraja lake, naye akiwa mfungaji wake mkuu.

Mwaka wa 1990 alirudi Uskoti, akaingia Kilmarnock, kilabu cha mji wa wastani usio mbali na Glasgow. Mwaka wa 1993 timu hiyo ikapanda daraja la juu, na hapo ndipo Williamson alipomalizia miaka yake ya kucheza.

Basi alikuwa senta-fowadi mzuri, lakini jina lake halikuvuma nje ya kwao. Alijua raha ya kufunga, na alijua pia kukaa benchi, kuuzwa, kushuka daraja na kuanza tena. Mambo hayo mtu hayaandikiwi katika kitabu cha mabao, lakini humkaa moyoni, na siku anapopewa vijana kuwaongoza huwa na la kuwaambia.

KOMBE LILILONGOJWA MIAKA 68

Mwezi wa Desemba 1996 Kilmarnock ilimwondoa mwalimu wake, Bwana Alex Totten, kwa sababu timu ilikuwa katika hatari ya kushuka. Mahali pake akawekwa Williamson, aliyekuwa na umri wa miaka 35. Watu wengi walidhani kwamba atashika nafasi hiyo kwa siku chache tu, mpaka apatikane mtu mwenye jina.

Timu haikushuka. Na zaidi ya hayo, iliendelea kushinda katika Kombe la Uskoti, mchezo baada ya mchezo, mpaka ikafika fainali, iliyochezwa tarehe 24 Mei 1997 katika uwanja wa Ibrox, nyumbani kwa Rangers waliomwona Williamson kuwa si nguzo. Timu waliyokutana nayo ilikuwa Falkirk, na mwalimu wa Falkirk alikuwa nani? Alikuwa Bwana Totten yuleyule aliyeondolewa Kilmarnock miezi mitano nyuma. Kilmarnock ilishinda kwa bao moja la Paul Wright. Tangu mwaka wa 1929 kombe hilo lilikuwa halijafika katika mji wao. Wazee waliokuwa watoto siku zile waliishi wakaliona tena.

Yafaa kuangalia jambo moja hapa. Bao lile halikufungwa na Williamson, wala hakuugusa mpira siku ile. Alisimama kando ya mstari dakika zote tisini akiwa amevaa koti. Mfungaji aliyezoea kushangiliwa yeye mwenyewe hana budi kujifunza kufurahi kwa bao la mwingine, na wengi hawajifunzi. Mtu wa namna hiyo akipewa timu humlaumu kila fowadi kwa kuwa si kama yeye alivyokuwa. Kwa Kiswahili husemwa kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwalimu hana ruhusa ya kuivuta ngozi hiyo.

Williamson alikaa Kilmarnock mpaka Februari 2002. Katika miaka hiyo kilabu kidogo kilishika nafasi ya nne katika ligi mara kadhaa na kuingia katika mashindano ya Ulaya. Mwaka wa 2001 kilifika fainali ya Kombe la Ligi, kikashindwa na Celtic 3-0, mabao yote matatu yakifungwa na Henrik Larsson.

Kutoka hapo alikwenda Hibernian ya mji wa Edinburgh. Fedha zilikuwa haba, kwa hiyo ilimpasa kuwategemea vijana. Mmoja wa vijana aliowaingiza timu ya wakubwa alikuwa Scott Brown, mwaka wa 2003. Mwaka wa 2004 Hibernian iliwatoa Celtic na Rangers katika Kombe la Ligi, lakini ikashindwa fainali na Livingston 2-0. Mashabiki walikasirika. Miaka ilipopita, Scott Brown akawa kapteni wa Celtic na wa timu ya taifa ya Uskoti. Mwenye kupanda mnazi hungoja miaka sita au saba kabla ya kuangua nazi ya kwanza, na mara nyingine yeye aliyepanda huwa amekwisha kuhama shamba.

UWANJA WENYE MPAKA NDANI YAKE

Mwezi wa Aprili 2004 Williamson alichukua Plymouth Argyle, kusini-magharibi ya Uingereza. Aliikuta timu karibu na kupanda daraja, akaimalizia safari. Septemba 2005, baada ya kushindwa mfululizo, akaondolewa. Mwaka wa 2007 akapewa Chester City.

Chester ni mji wa Uingereza ulio jirani kabisa na nchi ya Wales, na uwanja wake wa mpira una ajabu yake. Mpaka wa nchi mbili hupita ndani yake: ofisi ziko Uingereza, na sehemu kubwa ya nyasi wanazochezea watu iko Wales. Mtu wa Vanga au wa Lunga Lunga, aliyezoea kuwa na shamba upande mmoja na ndugu upande wa pili, hatashangaa sana.

Katika uwanja huo alikuwa amepita mfungaji mwingine kabla ya Williamson, naye ni Bwana Ian Rush wa Wales. Wawili hawa walizaliwa mwaka mmoja, 1961, lakini kwa mabao hawakuwa sawa hata kidogo. Rush alianza kucheza Chester akiwa kijana, na mwaka wa 1980 Liverpool ikamnunua kwa pauni 300,000, bei ambayo haikuwa imepata kulipwa kwa kijana wa umri wake. Aliifungia Liverpool mabao 346, na mpaka leo hapana aliyeifikia hesabu hiyo katika kilabu hicho. Aliifungia Wales mabao 28, hesabu iliyokaa mpaka mwaka wa 2018 ilipopitwa na Gareth Bale. Tarehe 5 Juni 1991 bao lake moja liliishinda Ujerumani, waliokuwa mabingwa wa dunia. Jina la Liverpool si geni pwani: katika miaka ya 1960 Mombasa ilikuwa na kilabu chake kilichojiita kwa jina hilohilo.

Mwezi wa Agosti 2004 Chester ilimwita Rush arudi nyumbani awe mwalimu. Mji mzima ulifurahi, maana nani angejua mabao kuliko yeye? Lakini timu ilihangaika chini ya ligi, na Aprili 2005, kabla msimu haujaisha, akajiuzulu. Tangu hapo hakuchukua tena kazi ya mwalimu mkuu wa kilabu.

Jambo hili si aibu kwa Bwana Rush, kwa maana sifa zake katika mchezo hazitafutika. Lakini lajibu swali lililoulizwa mwanzo. Kama mabao ndiyo yamfanyayo mtu kuwa mwalimu, Rush angekuwa mwalimu mkubwa kupita wote wa zama zake, na Williamson asingesikika. Ikawa kinyume. Mfungaji mkubwa sana mara nyingi hafahamu alifanyaje. Mguu wake ulijua mambo ambayo ulimi wake hauwezi kuyaeleza. Aliyepata kwa taabu hukumbuka kila hatua ya taabu yake, na aweza kumwonyesha mwingine njia.

Hata hivyo Williamson naye hakudumu Chester. Alianza vyema, kisha timu ikaanguka, na Machi 2008 akaondolewa. Alikuwa na umri wa miaka 46, ameondolewa na vilabu viwili mfululizo, na simu hazikuwa zikilia. Ndipo akakubali kazi ambayo wenzake wengi wa Uskoti wasingeikubali: akaenda Kampala.

UGANDA NA POINTI MOJA

Agosti 2008 Williamson alianza kuifundisha timu ya taifa ya Uganda, iitwayo Cranes. Waganda walikuwa na kiu kubwa. Mwaka wa 1978 timu yao ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika na kushindwa na Ghana, na tangu mwaka huo haikuonekana tena katika mashindano hayo. Watoto waliozaliwa baada ya 1978 walikuwa wamekuwa wazazi bila kuiona nchi yao ikicheza huko.

Katika mashindano ya Afrika ya Mashariki na Kati, yaitwayo Kombe la CECAFA, Williamson alifanikiwa sana. Mashindano hayo ni mrithi wa Kombe la Gossage, lililoanza mwaka wa 1926 kati ya Kenya na Uganda kwa zawadi ya kiwanda cha sabuni. Januari 2009 Uganda iliishinda Kenya 1-0 katika fainali iliyochezwa Kampala. Mwishoni mwa mwaka huohuo iliishinda Rwanda 2-0 huko Nairobi. Mwaka wa 2011 iliishinda Rwanda tena huko Dar es Salaam kwa mikwaju ya penalti, na tarehe 8 Desemba 2012 iliishinda Kenya 2-1 huko Kampala. Hayo ni makombe manne katika muda usiozidi miaka minne.

Lakini kiu ya Waganda ilikuwa ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na huko mlango ulifungwa mbele ya uso wake mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 8 Oktoba 2011. Uganda ilikuwa ya kwanza katika kundi lake, ikiwa pointi moja mbele ya Angola. Ushindi mmoja juu ya Kenya katika uwanja wa Namboole ungetosha. Uwanja ulijaa pomoni. Uganda ilishambulia, na Kenya ikasimama imara. Mchezo ukaisha bila bao. Siku hiyohiyo Angola ilishinda Guinea-Bissau, ikafikisha pointi 12, na Uganda ikabaki na 11.

Mara ya pili ilikuwa mwaka uliofuata. Uganda ilikutana na Zambia, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Zambia ilishinda 1-0 kwao Ndola, na tarehe 13 Oktoba 2012 Uganda ikashinda 1-0 Kampala kwa bao la Geoffrey Massa. Ikawa penalti. Walipiga mmoja baada ya mmoja mpaka ikafika 9-8, na Zambia ndiyo iliyopita. Machi 2013 Uganda ilishindwa na Liberia 2-0 katika mashindano ya kufuzu kwa Kombe la Dunia, na mwezi uliofuata Williamson akaondolewa kazini.

Hapo ndipo mtu aonapo tofauti ya kazi hizi mbili. Senta-fowadi akikosa bao, baada ya dakika tano aweza kupata jingine, na kosa la kwanza likasahauliwa. Mwalimu hukosa kwa mguu wa mtu mwingine, naye hana mguu wa kusahihishia. Waganda walikwenda katika Kombe la Mataifa mwaka wa 2017, chini ya mwalimu mwingine, Bwana Milutin Sredojevic wa Serbia. Kapteni wao alikuwa Geoffrey Massa, na mlinda mlango wao alikuwa Denis Onyango. Wote wawili walikuwa wamecheza miaka mingi chini ya Williamson. Shamba lilivunwa na mwingine.

GOR MAHIA NA TIMU YA KENYA

Williamson hakurudi kwao. Katikati ya mwaka wa 2013 alivuka mpaka akaja Nairobi kuifundisha Gor Mahia. Kilabu hicho chenye mashabiki wengi kilikuwa hakijapata ubingwa wa Kenya tangu mwaka wa 1995. Mwisho wa msimu ule wa 2013 kikaupata, baada ya kungoja miaka 18.

Kwa ajili ya hayo, Agosti 2014 alipewa timu ya taifa, Harambee Stars, iliyokuwa imetolewa na Lesotho katika mashindano ya kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Kazi ilikuwa ngumu kuliko ile ya Uganda. Wachezaji walikuwako, lakini mambo ya nje ya uwanja hayakuwa tayari.

Mfano mmoja wafaa kukumbukwa. Tarehe 13 Novemba 2015 Kenya ilicheza na Cape Verde huko Nairobi katika mashindano ya kufuzu kwa Kombe la Dunia. Cape Verde ilikuwa mojawapo ya timu kali za Afrika wakati huo, lakini kijana Michael Olunga alifunga mapema na Kenya ikashinda 1-0. Mchezo wa pili ulikuwa Praia siku nne baadaye, upande wa pili wa bara la Afrika, baharini. Safari ilicheleweshwa Nairobi kwa mambo ya malipo ya ndege, na wachezaji wakafika Praia siku ileile ya mchezo. Wakashindwa 2-0, na safari ya Kombe la Dunia ikaisha hapo.

Hapana mwalimu duniani awezaye kufundisha katika kiti cha ndege. Waweza kuwa na nahodha hodari, lakini kama tanga halikushonwa na kamba hazikununuliwa, jahazi halitoki gatini. Hata hivyo, timu ikishindwa, jina liandikwalo katika gazeti ni la mwalimu.

Februari 2016 viongozi wapya walichaguliwa katika Shirikisho la Mpira la Kenya, na mara Williamson akaondolewa, muda wa mkataba wake ukiwa haujaisha. Alikwenda mahakamani, na mahakama ikaamua kwamba astahili fidia ya mamilioni ya shilingi. Fedha hizo zingeweza kununua mipira, viatu na nauli za vijana wengi. Ahadi ni deni, na mkataba ni ahadi iliyoandikwa. Mwajiri aonaye kuwa mwalimu hafai ana haki ya kuachana naye, lakini kwa njia iliyokubaliwa na pande zote mbili, wala si kwa hasira ya siku moja.

MFANO ULIO KARIBU ZAIDI

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na ya timu za taifa. Basi na atazame Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, katika kilabu cha Bandari ambacho vijana wengi wa Kwale hutamani kukichezea. Mwaka wa 2018 timu hiyo ilipewa Bwana Bernard Mwalala. Yeye naye alikuwa fowadi. Alichezea Coast Stars ya Mombasa na timu ya taifa ya Kenya, na mwaka wa 2008 akiwa Yanga ya Dar es Salaam alifunga bao moja lililoishinda Simba, bao ambalo wapenzi wa Yanga walilifurahia kwa siku nyingi.

Lakini hakupewa Bandari kwa sababu ya bao lile. Alikuwa amekwisha kuanza chini katika kazi ya kufundisha, akapita katika timu nyingine. Katika msimu wa 2018 na 2019 Bandari ilishika nafasi ya pili katika ligi ya Kenya, nyuma ya Gor Mahia. Januari 2019 iliishinda Simba 2-1 huko Dar es Salaam katika mashindano ya vilabu vya Kenya na Tanzania, na mwaka huohuo ikatwaa kombe la Shirikisho, ikapata nafasi ya kucheza katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Mwanzoni mwa mwaka wa 2020, matokeo yalipopungua, yeye naye akaondoka. Ndiyo desturi ya kazi hiyo: mwenye kuiingia na ajue tangu mwanzo kwamba siku ya kuagana itafika.

YAFAAYO KUFANYWA KWALE

Katika wilaya za pwani ya kusini, toka Matuga mpaka Lunga Lunga, vipawa havikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuvilea. Kijana wa miaka 14 mwenye mguu mzuri huchezeshwa na watu wazima kwa sababu timu yataka kushinda Jumapili hii. Goti likaharibika, na akiwa na miaka 20 amekwisha. Hasara hiyo haiandikwi popote, lakini ni hasara ya kweli kwa kijana na kwa nyumba yake.

Kutokana na habari za Bwana Williamson, na za hao wengine, kamati za timu zaweza kushika mambo matatu.

Jambo la kwanza ni elimu. Shirikisho la Mpira la Afrika limeweka vyeti vya ualimu kwa daraja, kuanzia D, kisha C, B na A. Cheti cha D ni cha kuanzia, nacho chamfunza mtu jinsi ya kupanga mazoezi, kulinda miili ya watoto, na kugawa kazi ya siku. Mchezaji wa zamani mwenye sifa na asiache kwenda kusoma kwa kudhani kwamba ajua yote. Timu ikichangishana nauli na ada kwa ajili ya mtu mmoja, itakuwa imefanya jambo kubwa kuliko kununua jezi mpya kila mwaka.

Jambo la pili ni maandiko. Katika kila kijiji wako makarani na walimu wa shule wajuao kuandika. Na washike daftari la timu: nani alihudhuria mazoezi, nani aliumia na lini, fedha gani ziliingia na zilitumikaje, na mwalimu aliahidiwa nini. Ijapokuwa posho ni shilingi chache tu, na iandikwe na kutiwa sahihi. Magomvi mengi yavunjayo timu huanza kwa maneno ya mdomo ambayo kila mtu ayakumbuka kwa namna yake.

Jambo la tatu ni muda. Mkulima hang'oi mche wa mnazi kwa sababu haukuzaa mwaka wa kwanza. Mwalimu na apewe misimu miwili au mitatu, akiulizwa si makombe tu, bali pia ni vijana wangapi amewaendeleza, na wangapi wameendelea na shule huku wakicheza.

Na wewe uliyekuwa mfungaji wa Diani au wa Msambweni, ambaye watoto bado wakuita kwa jina lako la uwanjani, kazi ya ualimu yaweza kuwa yako. Lakini uiingie kama mwanafunzi. Mabao yako ya zamani yatakupa heshima siku ya kwanza ya mazoezi. Kuanzia siku ya pili vijana watatazama kama wajua kuwaeleza la kufanya, kama unafika kwa wakati, na kama wamtunza aliyekosa penalti sawa na aliyeifunga.